Papa, Mlima Wako Bado Unatembea

Papa wangu,

Jumamosi ikifika bado nasikiliza mlango wetu hapa mtaani Murara. Ulikuwa unashuka kutoka machimbo ya Masisi na viatu vilivyojaa udongo mwekundu, na Mama anakungoja kizingitini kama polisi wa mpakani: "Acha huko inje hiyo mulima yako!" Hapa kwetu chini ni mawe meusi ya volkano, kwa hiyo nyayo zako zilionekana hadi kwa jirani. Sasa hakuna cha kusafisha, lakini Mama anafagia palepale.

Unakumbuka nilivyokuonyesha kazi yangu kwenye kompyuta? Ulivaa miwani ya Mama. Nilikueleza kwamba satelaiti inapita juu na kutuma mawimbi yanayopenya hata mawingu. Yanagonga mlima na kurudi. Tukilinganisha picha mpya na ya zamani, tunajua ukuta wa shimo umesogea wapi, hata kwa upana wa kidole. Palipotulia tunapatia rangi ya buluu, panaposhuka nyekundu. Ulilitazama chimbo lenu kwa muda mrefu, kisha ukauliza, "Na mie niko wapi humu?" Nilicheka hadi machozi. Nikakuonyesha penye wekundu, nikakuomba usichimbe pale. Ukanirudishia miwani.

"Mutoto yangu, pale pekundu njo kazi iko."

Ukarudi kazini. Asubuhi moja ya mvua ukuta ulikushukia. Wenzako walichimba kukutafuta, ukuta ukashuka tena, wakakimbia bila wewe. Nimekukasirikia sana, Papa. Nimekukumbuka zaidi.

Mvua zilipopungua, baba mdogo Kambale alikusanya wenzako nyumbani kwake mtaani Majengo. Walipanga kupanda na makoleo kukutoa. Unaijua desturi yenu wachimbaji, wewe mwenyewe umewafukua wengi. Mama alikwisha kupiga pasi suti yako ya kijivu. Mimi nilifungua picha mpya, na juu ya mahali ulipolala bado palikuwa pekundu.

Nilikwenda Majengo nikasimama mbele yao.

"Baba mudogo, musipande. Mulima ingali inatembea."

"Siye hatuachake mutu mu udongo," akasema. "Unataka papa yako abakie kule kama mbwa?"

"Ninamutaka nyumbani kuliko weye! Lakini sitaki na weye tukutafute mu udongo."

Mke wa baba mdogo alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, akayachukua makoleo moja moja, akayapeleka ndani. Hapo baba mdogo akaketi, akalia kwa sauti.

Basi tulikuzikia mgomba, Papa, kama wazee walivyofanya kwa mtu asiyepatikana. Tulikata shina, Mama akalivika suti yako, akafunga vifungo vyote, hata kile cha juu ulichokuwa ukikichukia. Tulilizika kwenye makaburi ya Kibati. Padri alisoma sala bila kuuliza. Watu walisema sasa tutalala. Mama analala. Mimi nikiona suti ya kijivu barabarani, moyo unaruka, halafu naona ni mtu mwingine.

Tangu hapo Mama hajanilaumu, ila ananipakulia chakula bila kunitazama. Najua alitaka kukuosha kwa mikono yake. Nilimnyima hilo kwa sababu ya rangi kwenye kioo cha kompyuta, rangi ambayo hata akionyeshwa haielewi.

Baba mdogo anakuja kila Jumapili baada ya misa. Anakula sombe ya majani ya muhogo, analalamikia chumvi, wanawe wanapigania samaki. Yuko hai, anatafuna, nami nafurahi, halafu nachukia kidogo kwamba ni yeye anayekalia kiti chako. Kabla ya kuondoka ananiuliza taratibu, Mama asisikie, "Ile mulima ingali inatembea?"

Ninamjibu ndiyo, na ni kweli, mlima unashuka polepole. Lakini haujaanguka. Naona machoni mwake kwamba ameanza kunishuku, anafikiri nilikuacha bure. Kuna siku, Papa, natamani mlima uanguke wote, ili wajue nilisema kweli. Kisha nakumbuka ni nani aliye chini yake.

Pumzika huko ulipo, mpaka patulie.

Binti yako, anayekutaka nyumbani