Moyo wa Mtoto wa Mbeti

Nyeri, Oktoba

Kwako Tata Njoki, shangazi yangu uliyenilea,

Pole na baridi ya Kangema. Miche ya sukuma wiki uliyonipa imeshika vizuri.

Tata, niko na habari. Mwezi wa tatu alikuja kliniki yetu mama mmoja mjamzito, Mbeti, anayeuza nguo Majengo. Nilipompiga picha ya tumbo, nikaona mtoto ni mdogo kuliko miezi yake, na mshipa mkubwa wa moyo umebanwa. Daktari akaitazama picha haraka. "Beth, umemaliza chuo juzi. Hicho ni kivuli tu."

Hapo nikamkumbuka yule mtoto wako, aliyepumua siku mbili tu, ukaambiwa ati ni mapenzi ya Mungu. Sijawahi kukuuliza habari zake, na leo siulizi.

Nikarudi kwa daktari. "Tafadhali tazama tena. Siondoki hapa."

Akatazama polepole, kisha akakaa chini. Siku hiyo hiyo akamtuma Mbeti kwa wataalamu Nairobi. Alijifungulia huko, na mtoto akapasuliwa akiwa na wiki mbili.

Ijumaa Mbeti alimleta mtoto kliniki. Kilo tano, Tata! Huyo mtoto alinivuta nywele mpaka nikatoa machozi, naye akacheka. Daktari akasimama mbele ya foleni yote akasema, "Mimi nilikosea. Aliyeona ugonjwa wa mtoto huyu ni Beth." Kina mama wakapiga vigelegele vitano, kama ilivyo desturi yetu kwa mvulana.

Jioni nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimevaa koti langu jeupe la kazi. Sikutaka kulivua.

Ni mimi binti yako,
Beth