Nimempisha Mkwe Wangu na Baiskeli

Jumamosi, jioni. Upepo wa leo, shajara yangu, umenifungia genge kabla sijafunga mwenyewe. Vumbi mpaka ndani ya zabibu. Mikono imejaa miiba, kwa hiyo sigusi herufi hata moja, naongea tu na simu yenyewe inaandika. Neema ndiye aliyenionyesha.

Lakini nina furaha, sikufichi.

Neema ni binti yangu wa mwisho. Mumewe mimi namwita Baba Eliya, kwa jina la mjukuu wangu, maana jina la mkwe halitamkwi ovyo. Ameanza kazi ya kukodisha baiskeli kule kwenye msitu wa hifadhi, nyuma ya vilima. Zile za matairi manene, za milimani. Kuna njia inazunguka msituni halafu inakurudisha pale pale ulipoanzia. Sasa haji mtu. Mtaani wanasema hayo ni mambo ya vijana na Wazungu. Jirani yangu Mama Halima, Mrangi wa Kondoa, mwenye mdomo unaoshinda hata huu wangu, kasema eti mtu mzima akienda kule anarudi kwenye machela. Na Baba Eliya kasema mwezi huu ukiisha hivi hivi, anauza baiskeli zote wanahamia Dar.

Dar! Na Eliya wangu!

Wiki nzima nimekuwa namenya vitunguu hata visivyo na mteja, ili nikilia nisiulizwe.

Basi nikawaza. Mtaa huu unanisikiliza. Nikisema fundi fulani anaharibu nguo, huyo cherehani yake inalala. Lakini siwezi kusifia kitu sijakiona. Umbea wangu ni wa kweli, sio wa kutunga. (Mama Halima akisikia hapo atacheka, acha acheke.)

Ikabidi nikapande mwenyewe.

Shida ikawa mila. Sisi Wagogo, mama mkwe na mkwe hawashikani mkono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani lazima mmoja apishe. Sasa atanielekezaje? Neema akapanga: Baba Eliya atangulie mbali, asionekane, kila njia panda aweke tawi upande wa kupita. Mimi nifuate, Neema nyuma yangu. Baiskeli si ngeni kwangu, nikiwa binti kule Bahi nilikuwa napeleka mpunga mashineni kwa ile ya baba. Leo asubuhi nikavaa suruali ya marehemu mume wangu, nikazungushia kitenge juu. Kitenge kikawa kinataka kuingia kwenye mnyororo, nikakivua nikakifunga kiunoni kama mkanda. Msituni nani ataniona?

Jamani, njia ni laini ile! Karibu yote tambarare, kivuli cha miyombo, majani makavu yanalia chini ya tairi. Digidigi akatoka, akaniangalia kama ananijua, akakimbia. Kwenye kilima kimoja nilishuka nikasukuma, wala sikuona aibu. Goti langu linalolalamika kila nikiinuka gengeni likanyamaza kimya. Nikaanza kuimba nyimbo za kwaya.

Halafu kamteremko kadogo, kona. Nakunja hivi, huyo hapo Baba Eliya! Mnyororo wake umechomoka, kainama katikati ya njia anaurudisha.

Breki ziko mkononi. Hata Eliya angezibana. Mimi nikawaza nini? Suruali! Mkwe wangu ananiona na suruali! Nikafanya alivyokuwa anafanya mama yangu.

Nikapisha.

Nikapisha na baiskeli yangu, moja kwa moja ndani ya mgunga.

Neema badala ya kunisaidia kakaa chini anacheka mpaka machozi. "Mama, si ungebana breki!"

"Nampisha mkwe, wewe!" nikajibu huko huko kwenye miiba.

Baba Eliya maskini. Kunishika hawezi, kuniacha hawezi. Basi akanigeuzia mgongo, akaokota fimbo, akainyoosha nyuma kwangu. "Neema, mwambie mama ashike."

"Neema, mwambie Baba Eliya avute taratibu, nimenasa."

Tumeongea hivyo, kupitia kwa mtu ambaye mwenyewe haongei kwa kicheko. Akanivuta mpaka nikatoka, hakugeuka hata kidogo.

Wengine adabu yao ni ya siku ya harusi, shajara. Yeye anayo mpaka porini.

Nikafunga kitenge, nikapanda, nikamaliza mzunguko. Baba Eliya akamtuma Neema aniambie ataomba ruhusa mgunga ule upunguzwe. Nikasema mwambie auache.

Maana niliporudi gengeni nimeeleza yote, na suruali nikaieleza. Watu walicheka mpaka nyanya zikaporomoka. Ila nikawaambia pia ile njia ni laini, na goti langu, na digidigi. Jioni Mama Halima kaja na sura ya mtu anayetafuta chumvi.

"Mwenzangu, huo mgunga uko kona ipi?"

Anataka kuuona. Wa kwaya nao wanataka, kesho tukitoka kanisani.

Sijui kama kina mama wachache wanatosha kumzuia mtu asiende Dar. Kweli sijui. Lakini suruali Neema ameshanifulia, iko kambani, na kwa upepo huu itakauka mapema.

Na kesho nikimkuta kwenye kona, nabana breki kwanza, ndipo nipishe.