Mama wa Meza ya Nne

Jumatatu, 8 Septemba
Meza ya nne tena, chumba cha kupasulia maiti chuoni. Koti jeupe, glavu, harufu ya dawa ya maiti inayonifuata kutoka Thika mpaka nyumbani Ruiru. Nilinyoosha mkono nishike kisu cha kupasulia, Kimani akanitangulia. "Wewe keti tu, Mama Denno, sisi tutafanya." Ana miaka kumi na minane. Alisoma na Denno wangu, chapati zangu amezila pale nyumbani tangu darasa la nne. Hassan ana ishirini na saba, aliacha kazi kwenye duka la dawa aje huku, na hata yeye alinivutia stuli. Mimi nina arobaini na miwili. Wiki ya pili ya kusomea udaktari na sijakata hata ngozi.

Alhamisi, 11 Septemba
Wamenibebea mkoba. Wamenipisha kwenye foleni ya chai. Nachukia. Nikilalamika nitaonekana mama asiye na shukrani.

Jumapili, 14 Septemba
Kanisani wameniombea mimi, "daktari wetu". Nje, mama mmoja akanionyesha goti lake. Nilitabasamu mpaka taya zikauma. Miaka kumi na saba ya uuguzi nimeiacha, na nafasi yangu imeshapata mtu. Kurudi siwezi. Kuendelea sijui kama naweza.

Jumanne, 16 Septemba
Tumerudia somo la mkono, kesho mtihani. Niliwaeleza, kwa ile sauti yangu ya wodini, kwamba neva inayopita nyuma ya kiwiko, ile inayokupiga shoti ukijigonga, inaishia kidole gumba. Kimani akakohoa. Hassan akatazama viatu vyake. "Sawa, Mama Denno," wakasema. Nimerudi nyumbani najiona mwalimu.

Ijumaa, 26 Septemba
Nimeanguka. Majina yamebandikwa ukutani, meza yetu wote wamepita isipokuwa mimi. Swali la kiwiko lilikuwepo. Kidole kidogo! Inaishia kidole kidogo. Mtoto yeyote aliyejigonga mlangoni anajua ganzi inaenda wapi. Marudio ni Alhamisi ijayo. Nikianguka tena, narudia mwaka mzima.

Nilimvuta Hassan kando nikamwuliza kama siku ile walijua. "Tulijua. Lakini wewe ni mzazi. Tungekuambia aje umekosea?"

Nilitaka kuwachapa wote wawili. Halafu ndani ya gari nikakumbuka jinsi nilivyomlea Denno: mkubwa hakosolewi, na ukimkosoa utaniona. Mkuki kwa nguruwe. Nimelia kuanzia Juja mpaka Ruiru, na dereva akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu, 29 Septemba
Nimewaambia waniite Wairimu. Nikikosea, waseme hapo hapo. Kimani akacheka kwa woga. "Wairimu? Ai, mum akisikia ataniua!" Hassan alijaribu mara moja, kisha akaomba msamaha. Dakika tano baadaye wakanivutia stuli.

Naogopa. Hakuna anayenichukia hapa, na hilo ndilo tatizo. Wangenichukia ningejua pa kuanzia vita.

Jumatano, 1 Oktoba
Marudio ni kesho. Baada ya darasa Kimani alibaki nami mezani. Hakugusa kisu, aliniachia. Nilikata vibaya, nikakata tena. Akaanza kuniuliza maswali. Matatu ya kwanza nilipata. La nne lilikuwa juu ya msuli unaokunja kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, unaendeshwa na neva gani. Nilijibu haraka, kwa sauti ya wodini.

Aliutazama mkono wa maiti, mimi hakunitazama.

"Hapana, Mama Denno. Umekosea."

Aligeuka akaangalia mlango, kama mtu anayetarajia mamake aingie. Mashavu yaliniwaka moto. Karipio lilikuwa limeshafika mdomoni, tayari kabisa, na jina lake ndani.

Nikalimeza. Nikamwambia aniulize la tano.