Boti Ndogo ya Nyangumi

Leila uko hapo? Nimejifungia bafuni. Nimemtonesha Mama kidonda na sijui nitatokaje humu.

Unakumbuka ile safari ya meli aliyotulipia dada Trinah, ya kwanza maishani mwetu. Leo mimi na Mama tulikuwa tunachagua matembezi ya kwenda kuona nyangumi. Iko boti kubwa, na iko ndogo ya mpira. Mimi mjanja nikachagua ndogo!

Nikamsomea kwenye simu: wakikaribia nyangumi wanazima injini, watu wote wananyamaza, mnamsikia akipumua.

Mama akaweka kikombe chini. "Wote wananyamaza?"

Nikamwambia ndiyo Mama, hiyo ndiyo raha yake. Mana yanjye, Mungu wangu, Leila, nilisema RAHA!

Si unajua mwaka 94, wakati wa mauaji ya Rwanda, alivuka Ziwa Kivu kwenda kisiwa cha Idjwi, wamejazana kwenye kiboti, wanajificha wasisikike na wauaji? Mimi sijazaliwa bado. Alikuwa na kaka yangu Kaze mgongoni, bado ananyonya. Kila Aprili tukiwakumbuka waliokufa tunamtaja Kaze, lakini alifia wapi sijawahi kuuliza. Kwetu hayo hayaulizwi, unangoja mwenyewe aseme.

Nikasema basi Mama, tuchukue kubwa. Hakunisikia. Macho yake yalikuwa kwenye picha ya ile boti.

Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, kama vile mimi ndiye mwenye boti:

"Na mtoto akilia, wanamfanyaje?"