Mgeni Amejifunza Kuogelea

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa shemeji,

Pokea salamu zangu kutoka nyumba hii unayoijua. Hujambo? Na mumeo, mwanyumba wangu, mgongo wake umeshamwachia au bado wanasumbuana? Wanangu wa hapo kwenu je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Nilisikia Mama mkwe alikuwa na mafua; natumaini yamekwisha. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Mikono haijaanza kutetemeka, na wateja wangu wote wangali na masikio mawili.

Kinyozi akifunga Jumapili, siku huwa ndefu. Nimefua, nimepiga pasi, nimefuta vumbi kwenye kabati ambalo halikuwa na vumbi. Nikaona heri nikae nikuandikie, maana kwenye simu huwa tunaulizana hali kisha tunanyamaza.

Habari niliyo nayo ni ya Mgeni, mbwa wa mke wangu, marehemu dada yako. Unakumbuka alivyomwokota mtaroni akasema atakaa siku mbili tu, ndipo akampa jina hilo. Baada ya mazishi uliniambia nimtafutie watu wengine wa kumlea, nisije nikajitesa. Nilishindwa kukwambia kwamba humu ndani hakuna mwingine anayeinua kichwa nikitaja jina la dada yako.

Tangu msiba, Mgeni hakutaka tena matembezi. Nikimwonyesha kamba anageuza uso. Mimi nami sikuwa na moyo wa kumlazimisha, tukawa watu wa kukaa na kula. Alinenepa hadi mbavu zikapotea. Asubuhi moja nilimteremsha uani kujisaidia, na tulipokuwa tunarudi akateleza kwenye ngazi. Hakulia. Alikaa tu akiutazama mguu wake wa nyuma kama si wake. Nilimbeba hadi juu, nikipumzika kila kona. Jirani wa ghorofa ya pili alifungua mlango, akatutazama, akaufunga polepole.

Daktari wa wanyama ni mama mpole asiyezunguka maneno. Alimpapasa goti, akausikiliza moyo kwa muda mrefu. Alisema ukano unaoshikilia goti umejeruhiwa, moyo nao umechoka, na kwa unene ule na moyo ule hathubutu kumpasua. Akitembea sana, uzito wote unaliangukia goti. Asipotembea, anazidi kunenepa na misuli inanyauka. Nilimwuliza kama ndiyo basi. Akanijibu kwamba wapo wanaofika hapo wakaamua mnyama apumzishwe kwa sindano ya mwisho, wala yeye hatanilaumu. Halafu akasema ipo njia nyingine, ila inataka subira: nimwogeleshe.

Kumbe shemeji, maji humbeba mnyama. Miguu inafanya kazi yote ya kukimbia lakini viungo havigongwi na ardhi. Misuli inarudi, moyo na mapafu vinazoea kazi kidogo kidogo, na mwili unapungua bila goti kulipia. Mbwa mwenye huzuni naye huchangamka, ndivyo alivyoniambia, na aliposema hivyo alinitazama mimi, si mbwa.

Nyuma ya maghala kuna bwawa la mbwa, chini ya paa la bati, maji yake vuguvugu. Mwenyewe ni mwanamke aliyestaafu kufundisha watoto kuogelea. Kila mtu humwita Kocha. Alimvika Mgeni jaketi la kuelea lenye mpini mgongoni, akanionya nisimsukume kamwe, maana mbwa akitupwa majini mara moja hasahau. Si kila mbwa anajua kuogelea, akasema, na wengine huzama kama mawe.

Mgeni alifika kwenye mteremko wa kuingilia, maji yakamgusa kucha, akaketi. Tulimbembeleza kwa mpira, kwa nyama, kwa jina lake. Hakusogea. Kocha akanigeukia.

“Anakusubiri wewe,” akasema. “Ingia.”

Nilimwambia sikuja na nguo za kuogea. Akanionyesha kapu la kaptula zilizosahauliwa. Basi mwone shemeji yako, tumbo mbele, ndani ya kaptula ya maua ya mtu nisiyemjua, maji yakimfika kifuani. Ungecheka hadi ukae chini. Mgeni alinifuata akitetemeka, na alipokosa ardhi alinipandia, akanizungushia miguu ya mbele shingoni, akaegemeza kichwa begani kwangu. Moyo wake ulikuwa unanipiga kifuani. Tangu siku ya mazishi, shemeji, hakuna aliyekuwa amenikumbatia. Nilisimama palepale hadi Kocha akanikumbusha kwamba tumekuja kuogelea.

Kocha alituanzisha kwa muda mfupi sana, kisha kupumzika ukingoni, kwa sababu ya moyo wa Mgeni. Mkono wangu mmoja chini ya tumbo, mwingine kwenye mpini. Tukimaliza tunamsuuza dawa ya bwawa imtoke, tunamkausha masikio vizuri yasije yakaoza. Wiki zikapita. Mbavu zikaanza kusikika chini ya vidole. Daktari akamsikiliza tena, akatabasamu, akasema habari ya kumpumzisha tuiweke kando.

Juzi Kocha alirusha mpira upande wa mbali, akaniambia niondoe mikono.

“Na akizama?”

“Nipo, na jaketi lipo. Mwache aende.”

Nikamwachia. Alikwenda, shemeji. Kichwa juu, masikio nyuma, akikoroma kama mashine ya kusaga, moja kwa moja bila kugeuka. Wote waliokuwa ukingoni wakapiga makofi. Mimi nikabaki katikati ya maji, mikono imenyooka, haina kitu. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nilinawa uso, na kwa bahati bwawani hakuna anayeweza kujua yapi ni maji ya bwawa na yapi si yake.

Sasa ngazi anapanda mwenyewe, taratibu, huku nikimfuata nyuma. Lakini lipo jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu dada yako aondoke, Mgeni alikuwa akilala mlangoni, pua kwenye upenyo wa chini, na kila aliposikia hatua kwenye ngazi alikuwa anatega masikio. Mimi pia nilikuwa natega, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Siku hizi anarudi amechoka vizuri, anakwenda kujitupa dirishani penye jua, analala fofofo. Hatua zikipita, hashtuki. Nimebaki mimi peke yangu ninayesikiliza.

Nisalimie mwanyumba, wanangu, na Mama umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Mungu awalinde ndani ya nyumba na nje yake, na akupe usingizi mzuri. Ukipata nafasi, njoo. Chumba cha nyuma nimekitandika.

Ni mimi shemeji yako, anayekupenda na kukukumbuka,
Kinyozi