Baba mkwe anaandika mbio kabla laptopu haijafungwa

Bi. Mwanasha mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla mzee wa watu hajaugua. Mimi ni Mkamba, nimeolewa na Mduruma hapa Taru, na naishi na baba mkwe wangu, Mzee Chome, mwalimu mstaafu, ambaye tangu mama mkwe afariki amekuwa akiandika kwenye laptopu nyimbo zote alizokuwa akiimba marehemu, za kutwanga, za harusi, za kubembeleza watoto, anazikumbuka moja moja na kuzipiga kwa kidole kimoja. Sasa laptopu ikaharibika diski, mume wangu Mwinga, anayefanya kazi hotelini Diani, akaipeleka kwa fundi Ukunda, ikarudi nzima na nyimbo zote zimeokolewa, lakini siku hizi inatoa ilani kwamba leseni ya Windows inakaribia kwisha, na mzee ameshika kwamba ikiisha mashine itafungwa na nyimbo zitafutika, basi halali, chakula anakirudisha, anaandika tu, na juzi nilimsikia analia. Mimi nilisomea kompyuta kidogo na nadhani ilani ile haifuti kitu, lakini hapa mkaza mwana haingii chumbani kwa mkwewe wala haketi karibu naye, na mimi ni mgeni, nikikosea watasema sikufunzwa kwetu. Mwinga anasema nisubiri apate likizo. Niingie au nisubiri?

Mbinya, Taru

Marahaba, Mbinya mwanangu. Barua yako imenitoa machozi, halafu ikanikasirisha. Likizo ya hoteli msimu wa wageni itakuja lini? Mzee atakuwa ameshalazwa.

Unadhani sawasawa. Nimemuuliza mtu anayeijua kazi hii, akasema ilani ile haifuti faili hata moja. Leseni ikiisha, maandishi yatatokea pembeni mwa skrini yakidai Windows iamilishwe, yaani ithibitishwe kuwa ni halali, na vitu kama picha ya nyuma hamtaweza kuvibadilisha, lakini kuandika kutaendelea. Huenda fundi alipobadilisha diski aliweka Windows ya maofisini, yenye leseni ya muda. Kama laptopu ilinunuliwa na Windows yake halali, leseni ile kwa kawaida imo ndani ya mashine yenyewe, haikuondoka na diski mbovu. Kwa hiyo nyimbo zinakiliwe kwanza kwenye flashi, tena flashi mbili, ndipo Mwinga airudishe kwa fundi aweke toleo lile lile mashine ilikuja nalo dukani. Ikipata intaneti itajiamilisha. Fundi akitaka kuweka programu ya kuvunja leseni, mkatae, maana hizo huleta virusi.

Ama hilo la heshima, nakugombeza kidogo. Heshima ya mkwe ni kutomsogelea, si ruhusa ya kumsikiliza akilia ukanyamaza. Chumbani usiingie. Simu unayo na yeye bila shaka anayo, basi mpigie ukiwa jikoni, kama wafanyavyo wakaza mwana wengi huku kwetu. Mwamkie, kisha umwambie, "Baba, nyimbo za Mama hazifutiki, ile ni leseni tu inadaiwa." Flashi ampelekee mtu mwingine wa nyumbani, kisha mwelekeze polepole namna ya kunakili, yeye abofye na wewe useme. Amefundisha watu maisha yake yote, hatoona haya kufundishwa kwa adabu. Na Mwinga mwambie nimesema aombe ruhusa ya siku moja, baba yake ni mmoja.

Hofu kubwa ya mzee, nadhani mimi, ni kumsahau mkewe, na hiyo hakuna fundi wa kuitengeneza. Mkimaliza kunakili, usikate simu. Mwombe akufundishe wimbo mmoja, ili asiwe peke yake anayezikumbuka.