Mkono Uliobaki Begani

Ntinda, Kampala
Jumapili

Kwako Dada Munirah,

Shikamoo. Natumaini wewe na wanao mko wazima, na goti la Bibi limepata nafuu tangu mvua zikatike. Mimi na mama hatuumwi popote.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwa simu nitalia na mama atasikia.

Umesema Bibi ameionyesha ile picha mtaa mzima hapo Singida, akijisifu kwamba Rahmah wake, aliyekuwa hatoi neno mbele za watu, leo ana marafiki wanne Kampala. Umesema umewanunulia vitenge. Tafadhali, usivitume.

Wasichana wale nashona nao kwenye karakana moja hapa Ntinda. Mwaka mzima wamekuwa wakiniita Afande, maana hapa wengi wanakijua Kiswahili kuwa cha askari. Mwenzao Concy alipofanya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, walitakiwa wasichana watano wa kuwapigia wageni magoti. Mmoja akaugua, nikaombwa mimi. Dada, niliona sasa nimepata wenzangu.

Gomesi, lile vazi la kike la sherehe za hapa, alinifunga Lamunu, binti wa polisi wa kambi ya jirani. Kwao Kiswahili ndicho cha kila siku, na tangu tuhamie hapa yeye ndiye aliyekuwa akinipitia twende sokoni. Siku hiyo alikuja na mama yake kumenya matoke na kuosha masufuria.

Tulipopiga magoti, mzee mmoja aliniuliza ukoo wangu. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba sijaelewa. Hema zima likacheka. Msichana wa kando yangu akamwambia mzee asijisumbue, huyo ameletwa kujaza mstari. Kiganda changu ni kidogo, lakini hilo nililielewa.

Wakati wa picha nilikuwa natafuta pa kutokea. Lamunu akatoka jikoni, aproni imejaa masizi, akaniwekea mkono begani.

"Tulia, Rahmah. Hawa wataenda, sisi tutabaki."

Umeniuliza ule mkono ni wa nani. Ni wake. Nilimkata kwenye picha kwa sababu ya ile aproni, kisha nikaiweka kwenye status ya simu watu waione. Naye akaiona. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mkono yangu umesahau kutoa."

Wiki iliyofuata baba yake alihamishiwa Kitgum, mbali huko kaskazini. Lori lilipopakia magodoro yao nilikuwa nyuma ya pazia, haya imenishika miguu. Wale wanne walichukua gomesi lao na kurudi kuniita Afande. Picha nzima nilishaifuta. Sina kingine cha Lamunu ila huo mkono.

Mwambie Bibi ukweli, ila taratibu. Wabusu wanao kwa ajili yangu. Na kitenge kimoja kiweke, huenda nikapata ujasiri wa kuuliza Lamunu anaishi wapi huko Kitgum.

Mdogo wako,
Rahmah